Nilimfutia "Nakupendaga"

Aibu ninayo, wala siifichi. Hapa Murangi walikuwa wananiita Mwalimu wa Mapenzi, nami mjinga nilikuwa nachekelea. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na mbili. Nilipostaafu, vijana waliotaka kuoa wakawa wanakuja kwangu niwapangie maneno.

Gody, fundi wa injini za mitumbwi, alikuja Jumatano mikono imejaa grisi. Nilimfundisha yeye, nikamfundisha na Rhobi, ambaye siku hizi anashona nguo Kiabakari. Wazazi wa Rhobi walikuwa wamempa hadi Jumapili amjibu Alfonce wa Bunda kama anakubali kuolewa naye. Gody alikuwa hajawahi kumwambia Rhobi lolote.

"Mwalimu, si nipande tu pikipiki nikamwambie mwenyewe?"

"Ukabwabwaje huko? Mwanamke anapenda maandishi. Lete simu."

Kumbe alikuwa ameshaandika: *Rhobi nilikuwaga nakupenda toka darasa la saba na mpaka leo nakupendaga tu.*

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka akainamisha kichwa.

"We Gody! 'Nakupendaga' ndiyo nini? Hiyo -ga niliwachapia miaka yote, bado hamjaiacha?"

Huku kwetu kila mtu anaisema, hata padri, lakini mimi nikiisikia napandwa na hasira. Nikaifuta. Ile "mpaka leo nakupendaga tu" nikaitoa yote, nikamwambia hayo ni marudio, kupenda umeshakutaja. Mwisho nikaweka adabu kama ya barua ya ofisini. Ikawa hivi:

*Mpendwa Rhobi, tangu darasa la saba nilikuwa nikikupenda. Nakutakia kila la heri katika uamuzi wako.*

Gody akaisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Mwalimu, mbona kama namuaga?"

"Mwalimu ni nani hapa, mimi au wewe?"

Akatuma.

Rhobi hakujibu. Jumapili ya wiki iliyofuata jina lake likatangazwa kanisani pamoja na la Alfonce. Nikajipa moyo kwamba binti kafuata mali, basi. Wiki ya tatu ya matangazo moyo ukanisuta, nikaenda Kiabakari. Nilimkuta kwenye cherehani. Akanipa shikamoo, akanisogezea kiti. Nikamuuliza kwa nini alimnyamazia Gody.

Akatoa simu, akanionyesha ule ujumbe.

"Mwalimu, huyu si Gody. Gody hajaandika 'nikikupenda' tangu azaliwe. Nikajua kuna mwanamke msomi kakaa naye, anamsaidia kuniaga. Nimelia siku mbili. Jumapili nikawaambia wazazi ndiyo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Huyo msomi ni mimi, mwanangu. Nilimsahihishia Gody maneno yake."

Rhobi akanitazama. Hakunitukana, na heri angenitukana.

"Ng'ombe wa mahari wameshafika nyumbani, mwalimu. Tangazo la tatu limesomwa juzi." Akaiweka simu kando ya cherehani. "Yeye alikuwa ameandikaje?"

Nikamwambia. Mimi niliyechapa watoto kwa ajili ya -ga, niliitamka mbele yake bila kuruka hata herufi moja: nilikuwaga, nakupendaga tu. Akalirudia lile neno la mwisho kwa sauti ndogo, kisha akalaza uso juu ya kitambaa alichokuwa anashona. Nikaondoka bila hata kuaga vizuri.

Jioni nikamfuata Gody ufukweni, nikamweleza yote, kwamba Rhobi alikuwa anamtaka yeye na kwamba niliyemkosesha ni mimi. Nilisubiri anifokee. Mdomo wangu ulishaniponza, nilikuwa tayari kwa lolote. Gody alifuta mikono kwenye suruali taratibu sana, akachukua simu, akanipa.

"Basi niandikie ya kumpongeza, mwalimu," alisema. "Mimi Kiswahili changu si unakijuaga."