Wanawake wa Ukutani

Mke wa rais alikuwa na mdomo, jamani, na mkono wake ulikuwa na mdomo kuliko yeye mwenyewe. Kabla mumewe hajaingia kwenye siasa, alikuwa akichora mabango ya maduka na kuta za shule, na hata Ikulu haikuweza kumtoa rangi kwenye kucha. Wifi yake, dada wa rais, aliyesimamia shughuli zote za nyumba ile, alimwita Mama Brashi. Nusu utani, nusu matusi.

Ukuta wa ukumbi wa chakula ulikuwa mtupu, akaachiwa aupambe.

"Tuchoree maua, wifi yangu," dada wa rais alisema.

Maua! Akachora wanawake. Tena si wa kubuni: wale waliokuwa wakiuza nyanya na mitumba kwenye soko ambalo serikali ya mumewe ililivunja ili ijengwe hoteli. Aliwatafuta mmoja mmoja huko walikotawanyikia, akawachora wamesimama na mabeseni yao, wanakukodolea macho. Muuza nyanya mmoja alimuuliza, "Mama, kweli tutaonekana humo?" Naye akamjibu, "Mtaonekana."

Asubuhi ya siku ambayo mwenye hoteli alialikwa chakula cha mchana, rais akauona ukuta. Uso ulimshuka.

"Wafutwe. Mgeni akiwaona hawa, leo hii hii unafungasha unarudi kwenu."

"Soko umeshalivunja, mume wangu. Na picha nayo?"

"Nimeshasema!"

Wifi hakungoja. Aliita mafundi, wakapaka rangi nyeupe ya maji, ukuta ukawa mweupe pe. Hakuuliza chini kuna nini. Angeuliza angeambiwa kwamba picha ni ya rangi ya mafuta, na rangi ya maji juu ya mafuta haishiki ng'o. Ni haraka yake hiyo. Mama Brashi aliliona kosa, akanyamaza, akaenda chooni akalia kwa hasira.

Mchana wageni wakala, wakashiba. Rais akasimama kumsifu mwenye hoteli. "Pale palikuwa kichaka tu," alisema akicheka. "Hapakuwa na mtu!"

Weee! Hapakuwa na mtu? Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mama Brashi akanyanyuka, akachovya kitambaa cha mezani kwenye jagi la maji, akaufuata ukuta.

"Wifi, kaa chini!" dada wa rais akafoka. "Usitutie aibu mbele za watu!"

"Aibu mnayo tayari. Mimi naipangusa tu."

Akasugua. Weupe ukateremka hadi sakafuni, likatokea jicho, ikatokea pua, likatokea beseni la nyanya.

"Huyu ni nani?" mwenye hoteli akauliza.

"Muuza nyanya. Kwenye mlango wa hoteli yako ndipo ilipokuwa meza yake."

Akahamia kwa wa pili, kisha wa tatu, maji yanamchuruzika hadi viwikoni. Rais akamfikia, akamwinamia sikioni huku amewatolea wageni meno.

"Unaondoka leo. Umesikia? Leo!"

"Nimesikia, naondoka," alisema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Sasa nipishe, bado wawili."