Msasa Namba Mia Tano

Baba alitangaza kuacha bolingi, ule mchezo wake wa kuangusha pini kwa tufe, siku ya Jumanne, huku akimenya chungwa, kwa sauti ya mtu anayesema kesho ataenda kunyoa.

"Jumamosi hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Baada ya hapo tufe langu mpe yeyote anayelitaka."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aache utoto. Ndivyo nilivyo, nikiogopa, mdomo hutangulia. Tangu mama afariki, miaka minne sasa, baba hakuwa na safari nyingine ya kumtoa nyumbani isipokuwa ile ya Jumamosi. Akiacha, atakaa kwenye kile kiti cha dirishani atazame majirani wakianika nguo, na mimi nawajua wazee waliokalia viti kama hivyo. Hawainuki tena.

"Kwani kuna nini?" niliuliza, safari hii kwa upole.

"Tufe halinisikii. Linakata kona kabla ya wakati wake. Miezi sasa naangusha pini tatu, nne. Vijana wananipigia makofi ya huruma." Akanipa nusu ya chungwa. "Makofi ya huruma, binti yangu, usiombe yakukute."

Sasa, fundi wa matufe pale ukumbini anapochezea ni mimi. Nina kichumba nyuma ya kaunta ya viatu, chenye benchi, mashine ya kuzungushia tufe, misasa ya kila namba na chupa za dawa ya kung'arishia. Watu hudhani tufe ni tufe tu, likiwa zito na la mviringo limetosha. Wapi! Njia ya kurushia hupakwa mafuta kuanzia mwanzo hadi kupita katikati, na kule mwishoni, karibu na pini, huachwa kavu. Tufe lililokwaruzwa kwa msasa mkali huishika njia mapema na kupinda. Lililong'arishwa huteleza juu ya mafuta, hutunza nguvu zake, halafu hupinda mwishoni kabisa. Kwa hiyo anayerusha kwa kasi namkwaruzia, la sivyo tufe lake litapita moja kwa moja bila kupinda. Anayerusha polepole namng'arishia. Ndiyo maana nina sharti moja: siligusi tufe la mteja kabla sijasimama nyuma yake nikamwona akirusha mara tatu. Sharti hilo alinifundisha baba, maana kichumba kile kilikuwa chake kabla ya kuwa changu.

La kwake nililishughulikia kila Ijumaa kwa msasa namba mia tano, ule mkali, kwa sababu baba alikuwa akirusha kwa nguvu hadi pini zinarukia njia ya jirani. Miaka kumi na moja, msasa ule ule. Nililikwaruza mpaka likapauka, nikalifuta vumbi, nikajisifu moyoni kwamba hakuna mteja anayehudumiwa kama baba yangu.

Jumatano nilifika kazini nimenuna. Mama Viatu, anayekodisha viatu pale kaunta na ambaye hakuna linalompita, aliniuliza nimefiwa na nani. Nikamweleza. Nikawalaumu wanaopaka mafuta kwamba siku hizi wanayabania. Nikalilaumu tufe lenyewe kwamba limechoka. Nilikuwa karibu kuilaumu serikali.

Aliniacha nimalize. "Mara ya mwisho kumwona baba yako akirusha ilikuwa lini?"

"Namwona kila Jumamosi."

"Unamwona akiingia na akitoka. Akirusha, wewe uko huko ndani na mashine yako." Alikuwa akipulizia kiatu dawa ya harufu, wala hakuinua macho. "Toka siku moja umtazame, mwanangu."

Nilitaka kumwambia ashughulike na soksi za watu. Nikayameza.

Alhamisi mchana baba huja kupasha mwili, ukumbi ukiwa hauna watu. Siku hiyo niliizima mashine, nikajibanza nyuma ya nguzo kama mwizi.

Zamani alikuwa akiijia njia kwa hatua tano za haraka, ya mwisho anaserereka. Sasa alitembea. Hatua nne, kisha akasimama kidogo, mkono wa kushoto kiunoni. Tufe lilimtoka mkononi taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Likaenda vizuri mpaka katikati ya njia, hapo likashika, likapinda kushoto na kugonga pini mbili za pembeni. Mara ya pili likaingia kabisa kwenye mfereji wa pembeni ya njia. Mara ya tatu sikuliangalia tufe. Nilimwangalia baba akiutazama mkono wake, akiufumba na kuufumbua.

Si mafuta, si tufe. Ni mimi. Kila Ijumaa nilikuwa nikimtengenezea tufe mwanamume wa miaka sitini, na kila Jumamosi nikimpa mzee wa miaka sabini na moja akalirushe. Mimi nisiyeligusa tufe la mtu baki bila kumtazama, baba yangu mwenyewe nilikuwa sijamtazama. Au niseme ukweli: sikutaka. Niliingia chooni nikalia, kisha nikanawa uso na kumwambia Mama Viatu kwamba ni vumbi la msasa. Akaitikia kuwa vumbi hilo ni baya kweli.

Ijumaa niliuweka kando ule msasa mkali. Nikaanza na namba elfu moja, nikapanda hadi elfu mbili, nikaishia na elfu nne, ambao ukiushika unadhani ni kitambaa. Halafu dawa, halafu kitambaa chenyewe, mpaka nikaiona taa ya darini ikiwaka juu ya tufe, na pua yangu pembeni yake.

Jumamosi baba alipitisha kiganja juu ya tufe, kama afanyavyo siku zote, akasita. Akaniita.

"Nani amelipaka tufe langu mafuta ya nywele?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikutazama juzi. Mara tatu."

Nilingoja anifokee, na ningependa anifokee.

"Nisamehe, baba. Ni mimi niliyekuwa nakuharibia."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mimi ni fundi tangu hujazaliwa. Siku ile ile lilipoanza kukata kona mapema, nilijua linataka nini."

"Sasa mbona hukuniambia?" Sauti ilinipanda, watu wakageuka. "Miezi yote hii unachekwa, na dawa iko kwenye rafu yangu!"

"Ningekuambiaje?" Alilizungusha tufe mikononi. "Kila Ijumaa unalikwaruza kwa msasa wa mtu mwenye nguvu zake, halafu unaniletea huku unatabasamu. Nikasema, kumbe bado yupo mtu mmoja anayeniona vile. Bora nikose pini."

Nikatoa kitambaa mfukoni, nikafuta alama za vidole vyake juu ya tufe.

Akaenda kurusha. Hatua nne. Tufe likateleza kimya juu ya mafuta, likapita pale lilipozoea kupindia, likazidi kwenda hadi nikaanza kuogopa nimeling'arisha kupita kiasi. Kisha, mwisho mwisho, likajikunja. Pini nane kati ya kumi zikalala. Vijana walipiga kelele, na hazikuwa za huruma. Baba hakuwageukia.

"Wiki ijayo punguza dawa kidogo," aliniambia. "Limechelewa kidogo kupinda."

Tulipotoka, pale mlangoni kuna ngazi nne. Tufe lile ni karibu kilo saba, na baba hajawahi kumruhusu mtu kulibeba. Hata mama alikuwa akikatazwa kuushika mkanda wa mfuko wa tufe. Alisimama ngazi ya juu, akatazama chini, akaushusha mfuko begani.

"Shika," akasema.

Nikaushika kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili nikamshika yeye, tukateremka polepole.