Mtoto wa Mgongoni

Anitha alimaliza picha yake kubwa kuliko zote, akaitundika mbele ya kibanda chake kando ya barabara kuu, pale Mikumi. Ilimwonyesha mwanamke mweusi katikati ya shamba la mahindi, anacheka, amembeba mgongoni mtoto mweupe mwenye nywele za rangi ya majani makavu.

Madereva wa malori waliosimama kula walisema huyo ni yaya wa wazungu. Octavian, muuza chipsi wa jirani, naye aliamini hivyo, akasema watalii wataigombania.

Asubuhi moja akafika mama mmoja Mmarekani mweusi, pamoja na Jovin aliyekuwa akimtembeza mbugani. Mgeni aliitazama picha mpaka machozi yakamlengalenga. Jovin akatafsiri maneno yake: bibi wa bibi yake alikuwa mtumwa, alilea watoto wa mabwana huku wa kwake wakiuzwa. Hakuelewa kwa nini mchoraji Mwafrika amchore mwanamke wa namna hiyo akicheka.

Anitha aligeuka kuitazama tena picha yake. Kwake ile picha haikuwa na mzungu hata mmoja.

Wakati huohuo wakaingia mama yake, Ida, na mdogo wake Elizabeti, wametoka Masanze kuja kuiona. Jovin akampa Ida shikamoo, akaitikiwa. Elizabeti, ambaye ana ualbino, alivua kofia yake pana, akasogeza uso karibu kabisa na picha, maana macho yake hayaoni mbali.

"Dada, mpaka lile gauni langu la njano umelikumbuka," akasema. "Huyu ni mimi."

Jovin alipotafsiri, mgeni alimtazama Elizabeti, akamtazama Ida, akarudi kwenye picha na kujifunika mdomo. Akaomba radhi. Anitha akamwambia hana kosa. Ila ile habari ya yule bibi mtumwa, tangu sasa Anitha naye ataiona humo kila akiitazama picha.

Ida akamshika mgeni mkono.

"Siku ile tulikuwa tunavuna," akasema. "Nilikuwa nacheka kwa sababu huyu alikuwa ananiimbia sikioni, na maneno hayajui."

Mgeni akacheka huku akijifuta machozi, akauliza ulikuwa wimbo gani. Basi mama na binti wakauimba palepale, Elizabeti akikosea kwa makusudi, na Octavian akaziacha chipsi ziungue, akaja kupiga makofi.