Uzi wa Kwanza wa Tanpura

Dunia ina dhuluma nyingi, lakini iliyomfika Hemlata Mishra pale Banaras, India, haikuwa na mfano. Tangu utotoni alitamani kuketi jukwaani nyuma ya baba yake, Pandit Mishra, avumishe tanpura, ala ya nyuzi ya kusindikiza, wakati Pandit akipiga sitari. Sasa nafasi hiyo kapewa Klaivu, mpiga gitaa wa Manchester mwenye nywele ndefu kuliko za Hemlata, aliyekuja kujifunza kwa Pandit na kutafuta mlio wa kuipelekea bendi yake.

"Ana subira," alisema Baba.

"Ana miguu inayokufa ganzi, Baba. Jana tulimwinua watu wawili."

"Na akaketi tena. Wewe ungeketi?"

Hemlata akaona kwamba haki nayo huhitaji kusukumwa kidogo. Alasiri ya tamasha, Baba akiwa bado anatafuna tambuu, alimkuta Klaivu nyuma ya jukwaa akikaza nyuzi.

"Kaka Klaivu, Guruji kabadili raga. Anapiga Marwa. Uzi wa kwanza usiuache kwenye sauti ya pa, ukaze upande mpaka ni."

"Una hakika, dada?"

"Kwani mimi ni binti yake au jirani yake?"

Kila raga, yaani kila mtindo wa sauti, ina saa yake, na iliyopangwa ilikuwa Multani, ya alasiri, isiyokwenda bila pa. Marwa ni ya jua kuzama, na pa haikanyagi humo. Kuipiga mchana kweupe ni sawa na kumwambia "lala salama" mtu anayekunywa chai ya asubuhi. Hemlata akaketi safu ya mbele, mikono mapajani, uso mtakatifu, akiingoja aibu ya Klaivu.

Aibu ilichelewa, kwa kuwa mgeni rasmi alichelewa. Alipofika akavishwa shada la maua, akahutubia. Katibu wa tamasha akamshukuru kwa kuhutubia, naye akashukuru kwa kushukuriwa. Pandit alipopanda jukwaani, kunguru walikuwa wanarudi mitini na madirisha yameiva wekundu.

Klaivu akagusa nyuzi. Pandit akageuza shingo taratibu. Kumwamuru akaze upya mbele ya watu kungekuwa kumvua nguo. Pandit akautazama uzi, akalitazama dirisha, akatabasamu, akapiga Marwa.

Wazee wakaguna kwa raha. Mmoja akajifuta machozi.

Baadaye Pandit alimshika Klaivu begani. "Nilipanda na raga ya mchana kichwani. Wewe ukaisikia saa. Nani kakufundisha?"

"Si mimi, Guruji. Ni Hemlata aliyeniambia."

Pandit akamgeukia bintiye. "Ulijuaje, mwanangu?"

Sifa ilikuwa imeshamenywa, ya kumeza tu.

"Mgeni rasmi huchelewa siku zote, Baba."

"Huo ni ukweli. Na ule mwingine?"

Hemlata alivitazama vidole vya miguu yake. Havikumsaidia.

"Nilitaka akosee."

Masharubu ya Pandit yakacheza. "Basi Jumapili utaketi wewe nyuma yangu."

Hemlata akainua kichwa.

"Na Klaivu ndiye atakayekukazia nyuzi."

Klaivu akainama kwa adabu, uso mtakatifu mno.