Taa Tatu za Kijani

Wageni walikuwa wanakuja adhuhuri, na Zéphirin, bosi wa kampuni ya mgodi, alikuwa amepungukiwa taa moja. Kwenye ukuta wa ofisi yake, hapa katikati ya Lubumbashi, skrini kubwa ilionyesha taa mbili za kijani: moja ya seva kuu iliyo kule mgodini, nyingine ya seva ya akiba iliyo chumba cha pili, tayari kushika kazi mwenzake akianguka. Wageni hao, wenye mitaji, walikuwa wameahidiwa tatu. Ya tatu haikuwahi kununuliwa, na tusiulizane kwa nini; mwenye macho haambiwi tazama.

"Plamedie," alisema, "ile nakala yako, si iko mashine pia? Uitie mu groupe. Leo tu."

Plamedie ndiye aliyeitunza hifadhidata ya mgodi: kuiwekea viraka vya programu, kuinakili, kuhakikisha haizimiki. Kila alfajiri, kabla zamu ya kwanza haijashuka shimoni, programu aliyoiandika mwenyewe ilitengeneza nakala ya kufanyia majaribio. Programu hiyohiyo ililinda seva: moja ikifa, iliipandisha cheo iliyobaki hai, bila kumwuliza mtu.

"Chef, nakala haijui kitu. Inabakia na mambo ya asubui."

"Ni ya kuonyesha tu. Nani atajua?"

Hapo ndipo alipopaswa kukataa. Lakini Zéphirin ndiye aliyemwajiri, tena ndiye aliyempatia mdogo wake Osée kazi ya kutoboa miamba huko chini, na mkono uliokulisha ni vigumu kuukata. Akaitia nakala kwenye kundi. Taa ya tatu ikawaka. Alijiambia ni saa chache tu.

Wageni wakaja, wakanywa kahawa, wakasifu. Zéphirin hatosheki na sifa, kwa hiyo akaamuru viraka viwekwe mbele yao, waone jinsi kazi isivyosimama. Plamedie akaanza na seva ya akiba, kama ilivyo desturi, nayo ikalala kupokea viraka vyake.

Saa nane kasorobo, umeme ukakatika mgodini. Si habari, umeme hukatika kila siku. Ila betri za seva kuu zilikuwa zimechoka, nayo ikazimika. Programu ikatafuta aliye hai. Akiba ilikuwa bado usingizini. Ikaichukua nakala, ikaifanya kuu.

"Munaona?" Zéphirin aliwaambia wageni. "Kazi haikusimama hata kidogo."

Wakapiga makofi. Plamedie hakupiga. Alikuwa anatazama kona ya chini ya skrini, panapoandikwa idadi ya watu walio shimoni. Punde tu hapo nyuma palisomeka arobaini na tatu. Sasa palisomeka sifuri.

Nakala ilizaliwa kabla mtu hajashuka. Kwake yeye shimo lilikuwa tupu. Na saa nane kamili ndiyo saa ya baruti. Mlipuaji, Jeannot, hukaa kibandani ng'ambo ya kilima, mdomo wa shimo haoni. Zamani alingoja taa za kichwa za wachimbaji zirudi zote kwenye misumari yake, akazihesabu kwa mkono, ndipo alipue. Misumari waliing'oa kompyuta ilipokuja. Siku hizi ufunguo wake wa kulipulia umeunganishwa na hifadhidata, hufunguka skrini ikisema sifuri.

Plamedie akampigia. Hapatikani. Mnara wa simu ulikuwa umekufa pamoja na umeme. Mtandao wa kampuni peke yake, wenye dishi na betri zake, ndio uliobaki hai, ukibeba ule uongo hadi kibandani.

"Chef, bantu beko chini! Ile zéro ni ya nakala!"

"Saa hii bote balishaanza kutoka," Zéphirin alinong'ona huku akiwachekea wageni. "Usiniletee haya."

Plamedie akaizima nakala. Ikawaka tena. Akaizima, ikawaka. Programu yake ilikuwa inaifufua, kama alivyoifundisha. Hofu iliyomshika hapo hakuwahi kuijua maishani: aliufahamu kila mstari wa programu ile, na hakuwa na muda wa kubadilisha hata mmoja. Akakimbilia chumba cha mashine, Zéphirin nyuma yake akifoka, akashika nyaya za mtandao nyuma ya nakala kwa mikono miwili, akazing'oa zote.

Ukutani taa zikawa nyekundu. Wageni wakatazama viatu vyao.

Nusu saa ikapita. Kisha simu ikalia. Alikuwa Jeannot, amepanda kilimani kutafuta mtandao.

"Mama Plamedie, mashine yenu inanigomea. Nilishazungusha ufunguo mara ya kwanza, ya pili, ile ya kulipua, ikakatala. Halafu naona bantu banatoka ku shimo, polepole. Mama, balikuwa wapi?"

"Chini, Papa Jeannot. Balikuwa chini. Kesho uhesabu na mukono."

"Kesho niko repos, napumzika. Kutakuwa mutu mupya."

Jioni ileile Plamedie alifukuzwa, kwa kosa la kuzima mfumo mbele ya wageni. Nyumbani Kasungami, Osée alikula bukari, ugali wa huku, kwa hasira.

"Yaya, leo banatuchelewesha bure. Eti panne, mashine zimekufa."

Dada yake akamweleza yote. Osée aliacha kutafuna, kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Plamedie akamsihi asirudi kule.

"Na tutakula nini, sasa weye hauna kazi?"

Asubuhi aliondoka kabla Plamedie hajaamka.

Mchana, Plamedie alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani aliposikia simu yake. Kampuni ilikuwa imetuma picha iliyopigwa asubuhi hiyo: Zéphirin na wageni, meno yote nje, na nyuma yao taa tatu za kijani. Chini yake pameandikwa kwamba mfumo uko imara, na viraka vya jana vinamaliziwa leo saa saba.

Saa saba ilikuwa imekwisha pita, saa nane ya baruti inakaribia. Akampigia Zéphirin, hakupokea. Akamwandikia: *Chef, toa nakala, nakuomba.* Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja.

Redio ya jirani, iliyokuwa ikiimba tangu asubuhi, ikanyamaza. Laini ya umeme inayolisha Kasungami ndiyo inayokwenda hadi mgodini. Akapiga namba ya kibandani. Hapatikani. Akapiga ya lango la mgodi. Hapatikani.

Akampigia Osée. Simu ikalia mlemle ndani ya nyumba, juu ya kitanda chake, kwa maana wachimbaji hawaruhusiwi kushuka nazo shimoni.