Likikataa, Msiguse Kitu

"Zima," fundi Mustafa alisema, na Octavian akazima. "Haya, washa."

Pikapu ikawaka papo hapo, kama ilivyowaka tangu asubuhi, na Mustafa akachora kwenye daftari mstari wa thelathini na saba. Chini ya boneti alikuwa ameunga balbu ndogo kwenye waya wa pampu ya mafuta. Gari likikataa, balbu ingemwonyesha kama umeme unafika au unakatika njiani. Taabu ni kwamba halikutaka kukataa.

"Enyi mafundi wa Gongoni!" Ummy, muuza chapati, alipaza sauti kutoka ng'ambo ya kichochoro. "Hilo gari mnalitengeneza au mnalifundisha kuhesabu?"

Octavian alijaribu kutabasamu. Jilala, aliyekaa juu ya kreti tupu, hakuinua hata uso.

Gari lilikuwa la kijiji cha Octavian na Jilala, upande wa Tura, la kuwahisha wagonjwa hospitali, na Octavian ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Usiku mmoja, miezi miwili nyuma, mke wa Jilala alishikwa na uchungu wa kujifungua. Octavian akapiga simu kwamba gari limekataa: stata inazunguka, injini haiwaki. Hadi pikipiki ilipopatikana, mama wa watu alikuwa amepoteza damu nyingi mno, akafia njiani. Kulipokucha wazee walikwenda kwa Octavian, wakazungusha ufunguo, likawaka. Tangu siku hiyo watu walimwona kuwa mtu aliyependa usingizi kuliko roho ya mwenzake. Jumapili kijiji kingekaa kumhukumu, na Jilala ndiye aliyetumwa Tabora ashuhudie kwa macho yake.

Mustafa hakuwa mwepesi wa kumwita mtu mwongo. Alishaona magari yanayokataa mara moja kwa mwezi.

Ilipoadhiniwa alasiri alifuta mikono. "Nakwenda kuswali. Nyie endeleeni. Likikataa, msiguse kitu. Hata mlango msifungue. Nataka nilikute vilevile."

Aliporudi alimkuta Octavian amesimama nje ya gari, shati limelowa jasho. Injini ilikuwa ikiunguruma.

"Limekataa, fundi! Haki ya Mungu limekataa! Na balbu ikazimika!"

"Mbona linawaka?"

Octavian alielekeza kidole ndani ya gari. "Niligusa nyaya za chini ya dashibodi. Sikufikiri. Lilivyozunguka vile, nilijiona niko usiku ule ule. Mkono ulikwenda wenyewe."

Mustafa akamgeukia Jilala.

"Nilikuwa kwa huyu dada wa chapati, naomba maji," Jilala alisema. "Nilisikia linazunguka, haliwaki. Nageuka, huyu ameinama, mkono uko chini ya dashibodi. Alikuwa anachomeka au anachomoa, mimi nitajuaje?"

"Sikuchomoa, kaka."

"Usiniite kaka."

Mustafa alizima injini, akapiga magoti mlangoni, akapapasa nyaya moja moja. Soketi moja ya kuunganishia nyaya ilikuwa imelegea. Aliishika kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu. Ingeweza kuwa imelegea tangu mwaka juzi. Ingeweza pia kuwa imelegezwa robo saa iliyopita.

"Fundi," Jilala aliuliza taratibu, "wewe umeliona likikataa?"

Octavian alikuwa akimtazama Mustafa mdomoni.

"Sijaliona," Mustafa alisema. "Nipeni kesho. Nitaanza upya, tangu moja."

"Mimi napanda treni leo. Watoto nimewaacha kwa bibi yao." Jilala alisimama, akajipangusa suruali. "Wakiniuliza, nitasema nilichokiona."

"Umeona nini?" Mustafa aliuliza.

"Mkono."

Akaaga, akashika njia ya stesheni. Mustafa alilegeza waya wa betri na kufunga boneti, balbu akaiacha palepale ilipo. Octavian alikuwa amerudi kukaa kwenye usukani, mikono ameilaza mapajani.

"Njoo saa moja asubuhi," Mustafa alimwambia.

"Ya nini tena, fundi?"

Mustafa alichukua daftari lake. "Sijui. Lakini kuna soketi nne sijazifungua."