Jemadari Alihamia Jikoni

Jumamosi saa kumi alasiri, karani wa masijala alikuwa amejinyoosha kwenye kochi akisoma wasifu wa jemadari, kurasa mia sita na kumi, jemadari mwenyewe alipotoka kitabuni na kuuliza aweke wapi buti zake. Karani alimwonyesha nyuma ya mlango. Wiki iliyopita alikuwa ametoka malkia, na kabla yake mvumbuzi wa pampu, na wote wawili hawakurudi walikotoka.

Karani alipenda maisha ya watu kuliko kula. Alijua jemadari aling'oka jino la kwanza akiwa na umri gani. Alijua malkia aliogopa paka. Alisoma huku akitabasamu peke yake, na mama yake alipopita na fagio, aliinua miguu bila kuinua macho. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Jemadari hakukaa sana. Alisema vita vyake anavijua, vimemchosha, akafuata harufu ya vitunguu hadi jikoni, ambako malkia na mvumbuzi walikuwa wakimenya viazi pamoja na mama. Punde kikasikika kicheko, kisha malkia akapenga kamasi. Karani akatega sikio.

"Nikampakata binti yangu," mama yake alikuwa akisema, "nikamwimbia njia nzima, abiria wasijue keshakufa. Wangejua wangenishusha kwenye basi. Huyu mdogo wake alikuwa bado hajazaliwa."

Karani hakuwa amewahi kusikia kwamba alikuwa na dada. Alikwenda akasimama mlangoni. Wageni wakanyamaza, kama watu wanavyonyamaza aingiapo asiyehusika.

"Bwana karani," jemadari akamuuliza kwa adabu, "marehemu dada yako aliitwa nani?"

Aibu ikampanda kutoka nyayo hadi masikio. "Penye miti hapana wajenzi," mvumbuzi akamnong'oneza malkia, na karani akasikia.

"Mwacheni mwanangu, ana mambo mengi," mama akasema. Akamgeukia. "Unataka chai, baba?"

Alitaka jina. Lilikuwa swali la maneno mawili tu, na mama alikuwa akimtazama, anangoja. Karani akafungua kinywa.

"Ndiyo, mama," akasema. "Isiwe moto sana."

Akabeba kikombe chake hadi kwenye kochi, akafungua ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili. Vita vilikuwa vinaendelea bila jemadari. Aliona haya kukiri, lakini vilikuwa vitamu.